Bibi Corazon Aquino: Mjane Aliyewarudishia Watu Kura Zao

Mwezi wa Februari mwaka 1986 sisi tulikuwa walimu vijana, tumetoka chuo cha ualimu si miaka mingi iliyopita. Jioni tulikuwa tukikusanyika barazani penye redio moja ya betri, tukisikiliza habari za ulimwengu. Miezi mitatu tu kabla yake, mwezi wa Novemba 1985, tulikuwa tumemwona Mwalimu Nyerere akimwachia Mzee Mwinyi urais kwa hiari yake. Basi ilipotangazwa habari ya rais wa nchi ya mbali aliyeng'ang'ania kiti, na mama mmoja mjane aliyesimama mbele yake bila bunduki, tulivisogeza viti karibu na redio tupate kusikia vizuri. Leo tumestaafu, na mama yule amekwisha kufariki siku nyingi. Twaona yafaa kuyaandika maisha yake, kwa kuwa vijana wetu wengi hawamjui.

NYUMBA ALIKOZALIWA

Ufilipino ni nchi ya visiwa zaidi ya 7,000 katika bahari ya Asia ya Kusini-Mashariki. Ilitawaliwa na Wahispania kwa miaka zaidi ya 300, kisha na Wamarekani, ikapata uhuru wake tarehe 4 Julai 1946. Wakazi wake walio wengi ni Wakristo, ndugu zetu wa Kanisa Katoliki. Huko, katika mkoa wa Tarlac, kaskazini ya mji mkuu wa Manila, alizaliwa Maria Corazon Cojuangco tarehe 25 Januari 1933. Baba yake alikuwa Bwana José Cojuangco na mama yake Bibi Demetria Sumulong. Corazon ni neno la Kihispania, maana yake ni moyo. Lakini nyumbani, na baadaye nchi nzima, walimwita Cory.

Hakuzaliwa katika dhiki. Ukoo wake ulikuwa wa watu wenye mali na mashamba makubwa ya miwa, na baba yake alipata kuwa mbunge. Tunalitaja jambo hili mapema, kwa sababu habari ya mashamba hayo tutairudia mbele.

Alianza masomo Manila katika shule ya watawa, akapelekwa Marekani mwaka 1946 kuendelea. Mwaka 1953 alihitimu katika chuo cha Mount Saint Vincent kule New York, akiwa amesoma Kifaransa na hesabu. Aliporudi kwao alianza kusomea sheria, lakini masomo hayo hakuyamaliza. Tarehe 11 Oktoba 1954 aliolewa na kijana wa Tarlac, Benigno Aquino, ambaye watu walimwita Ninoy.

Ninoy alikuwa mtu wa siasa tangu ujana. Alikuwa meya wa mji wake akiwa na umri wa miaka 22, kisha gavana wa mkoa, na mwaka 1967 akachaguliwa kuingia katika Baraza la Seneti. Alikuwa msemaji hodari, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kujibu. Mkewe alikuwa kinyume chake, mpole na mkimya. Walijaliwa watoto watano, wa kike wanne na wa kiume mmoja. Wageni wa siasa walipofika nyumbani, Bibi Cory aliwakaribisha na kuwaandalia kahawa, kisha akaenda kuwaangalia watoto. Wakati ule hakuna aliyemdhania kuwa kiongozi, wala yeye mwenyewe hakujidhania.

MIAKA YA GEREZA

Rais wa nchi alikuwa Ferdinand Marcos. Aliingia madarakani kwa kura mwaka 1965, akachaguliwa tena mwaka 1969. Kwa katiba ya siku zile hakuruhusiwa kugombea mara ya tatu, na muda wake ulikuwa ukaribie kwisha. Mwezi wa Septemba 1972 akaiweka nchi nzima chini ya sheria za kijeshi. Bunge likafungwa, magazeti yakafungwa, na watu wakakamatwa kwa maelfu. Miongoni mwa wa kwanza kukamatwa alikuwa Seneta Ninoy Aquino, ambaye watu wengi walimtazamia kuwa rais ajaye.

Alikaa gerezani miaka saba na miezi saba. Hapo ndipo mke wake alipoanza kufundishwa, na shule yake ilikuwa lango la gereza. Kila alipokwenda kumwona mumewe alipekuliwa, yeye na watoto wake. Mwaka 1973 Ninoy aliondolewa gerezani kwa siri, na nyumbani hawakuambiwa yuko wapi. Vitu vyake vilirudishwa kwa mkewe bila maelezo, hata akaogopa kuwa mumewe amekwisha kuuawa. Aliwatafuta wakubwa wa jeshi mmoja mmoja, mpaka alipoonyeshwa mahali alipofichwa, katika kambi ya Laur, amefungwa peke yake.

Mwaka 1975 Ninoy alikataa chakula kwa siku 40, akipinga kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi. Mwezi wa Novemba 1977 mahakama hiyo ikamhukumu afe kwa kupigwa risasi, ingawa hukumu hiyo haikutekelezwa. Mwaka uliofuata akagombea ubunge akiwa ndani ya gereza, kwa chama kilichoitwa Laban, neno ambalo kwa lugha yao maana yake ni kupigana. Kwa kuwa mgombea hakuweza kutoka, mke wake na binti yao mdogo, mwenye umri wa miaka saba, ndio waliokwenda kumsemea mbele ya watu. Walishindwa. Chama chao hakikupewa hata kiti kimoja katika jiji la Manila.

Mwaka 1980 Ninoy aliugua moyo, naye Marcos akamruhusu aende Marekani akapasuliwe. Kwa miaka mitatu jamaa hii iliishi Newton, karibu na Boston, kama jamaa nyingine yoyote, baba akisoma na kufundisha, mama akipika, watoto wakienda shule. Bibi Cory alikuwa akiikumbuka miaka hiyo kuwa ndiyo ya furaha kuliko yote ya ndoa yao.

TAREHE 21 AGOSTI 1983

Ninoy hakuweza kukaa ugenini huku watu wake wanateseka. Aliamua kurudi, ingawa aliambiwa wazi kuwa atauawa. Tarehe 21 Agosti 1983 ndege yake ilitua Manila. Askari waliingia ndani wakamtoa, na kabla hajafika mbali alipigwa risasi ya kichwa, akaanguka pale pale kiwanjani. Njiani watu walikuwa wamefunga kanda za rangi ya manjano ili kumlaki. Tangu siku ile rangi ya manjano ikawa rangi ya waliotaka haki.

Bibi Cory alipata habari kwa simu, kule Boston, usiku. Aliwakusanya watoto wake wakasali, kisha wakasafiri kwenda kumzika baba yao. Mwili wa Ninoy uliwekwa mbele ya watu katika nguo zile zile zenye damu, wapate kuona alivyotendewa. Siku ya maziko, tarehe 31 Agosti, watu walijaa barabarani kuanzia asubuhi hata usiku. Inakadiriwa walifika milioni mbili. Katika umati huo mkubwa mjane yule hakuomba kisasi, aliomba haki.

Haki haikuja upesi. Kamati iliyochunguza mauaji yale iliona kuwa wanajeshi walihusika, na mkuu wa majeshi, Jenerali Fabian Ver, akashtakiwa pamoja na wengine 25. Tarehe 2 Desemba 1985 mahakama ikawaachilia wote.

KARATASI ZA KURA

Kabla ya hukumu hiyo, mwezi wa Novemba 1985, Marcos alikuwa ametangaza ghafula kwamba uchaguzi utafanyika mapema. Alidhani wapinzani wake hawataweza kukubaliana juu ya mtu mmoja. Watu wengi walimsihi Bibi Cory agombee. Yeye alikuwa mzito. Alisema atakubali iwapo watu milioni moja watatia sahihi zao kumwomba. Mzee mmoja mwenye gazeti, Joaquin Roces, akaongoza kazi ya kukusanya sahihi, nazo zikapatikana, hata kupita hesabu. Hapo Bibi Cory akaenda kwenye nyumba ya watawa, akakaa katika sala siku nzima, kisha akarudi na jibu la ndiyo. Salvador Laurel, aliyekuwa na chama kikubwa, alikubali kuwa mgombea wa makamu wake, na Kardinali Jaime Sin, Askofu Mkuu wa Manila, alisaidia kuwapatanisha. Waliandikishwa tarehe 11 Desemba 1985, siku ya mwisho.

Kwa majuma manane hivi mama huyu alizunguka visiwani, amevaa nguo za manjano. Marcos alimdhihaki kuwa ni mwanamke asiye na ujuzi. Naye alikiri mbele ya watu kwamba ni kweli hana ujuzi: hana ujuzi wa kuiba, wala wa kusema uongo, wala wa kuua wapinzani. Watu walicheka, lakini walielewa.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 7 Februari 1986. Hapa yafaa sisi walimu tusimame kidogo. Kule Ufilipino wanaosimamia vituo vya kupigia kura ni walimu wa shule za serikali. Wakati ule mwalimu ndiye aliyeita jina, aliyetoa karatasi na aliyehesabu. Siku ile walimu wengi walitishwa kwa silaha, wengine waliahidiwa fedha. Wako walioogopa, na wako waliokaa juu ya masanduku ya kura usiku kucha. Raia wa kujitolea walikuja kuwasaidia, wake kwa waume, watawa na wanafunzi. Walishikana mikono wakafanya ukuta wa watu, wakayasindikiza masanduku hatua kwa hatua mpaka mahali pa kuhesabia. Wengine walipigwa na wengine waliuawa. Tarehe 11 Februari Evelio Javier, aliyekuwa gavana wa Antique na mfuasi wa Bibi Cory, alipigwa risasi mchana mbele ya watu.

Kabla ya hapo, usiku wa tarehe 9 Februari, lilitokea jambo ambalo hatulisahau. Mahali pa tume ya uchaguzi palikuwa na vijana wapatao 30, wengi wao wanawake, waliokuwa wakiingiza hesabu katika mashine za kompyuta. Waliona kuwa hesabu zinazotangazwa si zile walizoziingiza. Wakainuka, wakachukua karatasi zao, wakatoka nje na kukimbilia kanisani. Hawakuwa na cheo wala chama. Walikuwa makarani waliokataa kuandika uongo.

Hata hivyo tarehe 15 Februari Bunge la Marcos lilimtangaza yeye kuwa mshindi. Maaskofu Wakatoliki walikuwa wamekwisha kutoa tamko kuwa uchaguzi ule ulijaa udanganyifu, na kwamba serikali inayopatikana kwa njia hiyo haina haki ya kutawala mioyo ya watu.

SIKU NNE ZA BARABARANI

Sasa angefanya nini mama huyu? Vijana wenye hasira hawakukosekana, na milimani walikuwapo waasi wenye silaha waliokuwa wakipigana na serikali kwa miaka mingi. Kama angewaambia watu wachukue mapanga, wangeyachukua. Tarehe 16 Februari aliwaita watu katika uwanja mkubwa wa Manila, wakaja kwa mamia ya maelfu. Aliwaambia wasilipize kwa damu. Aliwaomba watoe fedha zao katika benki za marafiki wa Marcos, wasinunue magazeti yao wala bia yao, na wacheleweshe kulipa ankara za maji na umeme. Ilikuwa silaha ambayo hata mama wa nyumbani angeweza kuishika. Mara watu wakaanza kupanga foleni benki kutoa akiba zao.

Tarehe 22 Februari jeshi likagawanyika. Waziri wa Ulinzi, Juan Ponce Enrile, na Jenerali Fidel Ramos walimkana Marcos, wakajifungia katika kambi mbili zilizo kando ya barabara kuu ya Manila iitwayo EDSA. Askari wao walikuwa wachache. Kardinali Sin akasema katika redio ya Kanisa, akiwaomba watu waende wakawalinde na kuwapelekea chakula. Watu wakaenda, maelfu kwanza, kisha mamia ya maelfu. Vifaru vilipokuja, watawa walipiga magoti mbele yake na rozari mikononi, akina mama wakawapa askari maua na mikate, wazee wakawaita wanangu. Vifaru vikasimama, wala askari hawakufyatua risasi. Tarehe 24 marubani waliotumwa na helikopta kuishambulia kambi walitua ndani yake wakajiunga na watu.

Siku mambo hayo yalipoanza Bibi Cory alikuwa Cebu, kisiwa kingine, akihutubia mkutano. Alilala katika nyumba ya watawa, na kesho yake akarudi Manila katika hatari. Mkumbuke kuwa Enrile na Ramos ndio waliokuwa wakuu wa ulinzi siku mumewe alipofungwa. Angeweza kuwaacha waangamie. Hakufanya hivyo. Lakini walipotaka aje kuapishwa ndani ya kambi, alikataa. Alitaka ionekane kwamba mamlaka yake yametoka kwa raia waliopiga kura, si kwa wenye bunduki.

Basi asubuhi ya tarehe 25 Februari 1986 aliapishwa katika jumba la mikutano la Club Filipino, na mama mkwe wake, mama yake Ninoy, ndiye aliyemshikia Biblia. Siku hiyo hiyo Marcos naye aliapishwa katika ikulu yake. Usiku akaondolewa kwa helikopta za Wamarekani, akapelekwa Hawaii, ambako alikufa mwaka 1989. Utawala wa miaka 20 uliondoka baada ya siku nne, na damu iliyomwagika barabarani ilikuwa kidogo mno.

KUYARUDISHA MAMLAKA

Wengi wakisimulia habari hii huishia hapo. Sisi twaona kwamba sehemu iliyo kubwa zaidi ilifuata baadaye, ingawa haikuwa na shangwe.

Rais mpya alikataa kulala katika ikulu ya Malacañang. Aliifungua watu waione, naye akaishi katika nyumba ya kawaida karibu. Aliwaachilia wafungwa wa siasa, hata viongozi wa Wakomunisti, ingawa wanajeshi walikasirika. Mwezi wa Machi 1986 alilivunja Bunge la Marcos na kuiondoa katiba yake. Kwa hiyo kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi mama huyu alikuwa na mamlaka yote mkononi, ya kutunga sheria na ya kuzitekeleza. Angeweza kukaa hivyo, na washauri hawakukosekana wa kumwambia kuwa nchi bado haijatulia. Lakini aliteua tume ya kuandika katiba mpya, mwenyekiti wake akiwa mwanamke, Jaji Cecilia Muñoz-Palma. Katiba hiyo iliweka kwamba rais atatawala kipindi kimoja tu cha miaka sita. Tarehe 2 Februari 1987 wananchi waliikubali kwa zaidi ya robo tatu ya kura. Mwezi wa Mei walichagua wabunge, na mwezi wa Julai Bunge lilipokutana Rais alilikabidhi kazi ya kutunga sheria.

Mambo hayakuwa mepesi. Wanajeshi walijaribu kumpindua mara sita au zaidi. Mwezi wa Agosti 1987 mwanawe wa pekee wa kiume alipigwa risasi, akapona, lakini walinzi wake watatu walikufa. Jaribio la Desemba 1989 lilikaribia kufaulu. Mwaka 1990 likaja tetemeko kubwa la ardhi, na mwaka 1991 mlima Pinatubo ukalipuka kwa moto na majivu. Umeme ulikatika saa nyingi kila siku, na deni la nchi lilikuwa zito.

Mwalimu wa haki hasahihishi daftari la mwanafunzi ampendaye kwa kalamu laini. Basi na makosa tuyaseme. Tarehe 22 Januari 1987 wakulima walikwenda kwa miguu kuelekea ikulu kudai ardhi. Askari waliwafyatulia risasi kwenye daraja la Mendiola, wakafa watu wasiopungua 12. Mwaka 1988 ilipitishwa sheria ya kuwagawia wakulima ardhi, lakini iliacha njia ya kuwapa hisa za kampuni mahali pa ardhi. Njia hiyo ndiyo iliyotumika katika shamba la ukoo wa Rais mwenyewe, Hacienda Luisita. Wakulima wa shamba hilo walingoja mpaka mwaka 2012, Mahakama Kuu ya nchi ilipotoa amri ya mwisho kwamba wagawiwe ardhi. Yeye aliyewarudishia watu kura zao hakuwapa maskini wa shambani kwake kile walichokitazamia. Wanaompenda hulisema jambo hili kwa huzuni, na sisi pia.

Hata hivyo mwaka 1992 ulipofika, lilitokea jambo ambalo nchi yake haikuliona tangu mwaka 1965. Wako waliomwambia kuwa anaweza kugombea tena, kwa kuwa alichaguliwa kabla ya katiba mpya. Alikataa. Uchaguzi ukafanyika, na tarehe 30 Juni 1992 akamkabidhi urais Fidel Ramos. Baada ya sherehe hakuondoka kwa gari la serikali, bali kwa gari lake mwenyewe. Sisi tulifundishwa tangu ujana kwamba cheo ni dhamana. Aliyewekewa dhamana huirudisha siku yake ikifika, hata kama bado anaipenda.

MWISHO WAKE

Baada ya hapo aliishi kama raia, mama na bibi wa wajukuu, akipenda kuchora picha za maua. Lakini kila alipoona katiba inataka kupindishwa ili mtu akae madarakani, alirudi barabarani na nguo zake za manjano. Alifanya hivyo mwaka 1997, rais akiwa ni Ramos, yule yule aliyemsaidia.

Mwaka 2008 aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana. Alifariki tarehe 1 Agosti 2009, mwenye umri wa miaka 76. Watoto wake walikataa mazishi ya kiserikali. Tarehe 5 Agosti jeneza lake lilipitishwa polepole katika barabara za Manila kwa saa nyingi, watu wakiwa wamejipanga pande zote mbili, nguo zao za manjano zimelowa mvua. Alizikwa kando ya mumewe, na kaburi lake halina makuu. Mwaka uliofuata mwanawe, yule aliyepona risasi, alichaguliwa kuwa rais.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwaka 2022 Wafilipino walimchagua kwa kura zaidi ya milioni 31 mtoto wa Marcos, mwenye jina la baba yake. Wako waliosema basi kazi ya Bibi Cory imepotea bure. Sisi hatusemi hivyo. Mtu huyo aliingia kwa kura, na kwa katiba ile ya mwaka 1987 amepewa miaka sita tu. Lakini jambo moja latugusa sisi walimu. Wapiga kura walio wengi walikuwa hawajazaliwa mwaka 1986, au walikuwa watoto wadogo. Hawakulijua lango la gereza, wala hawakuona watawa wakipiga magoti mbele ya vifaru. Kama hawakufundishwa habari hizo vizuri, kosa si la watoto.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi na walimu wa parokia yetu wawasimulie vijana habari za namna hii, pamoja na makosa yake. Wawaambie habari za mjane aliyeombwa na watu milioni moja, akaenda kwanza kusali. Na habari za makarani 30 waliokataa kuandika uongo, na walimu waliolala juu ya masanduku ya kura. Bila hao, mama yule angebaki mjane tu aliyevaa nguo za manjano.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Corazon Aquino, na mumewe, na wote waliokufa wakilinda haki katika nchi ile.